Magunia ya Nzuri

Niliota Jumapili mchana, baada ya misa, nikiwa nimejinyoosha kwenye kochi kama alivyoniagiza nesi. Nesi wa zahanati yetu alinipa karatasi ya mambo matano ya kupunguza mawazo: nilale vya kutosha, ninywe maji, nitembee kila siku, nivute pumzi polepole, na nimweleze mtu ninayemwamini yaliyo moyoni. Manne nayafanya. La tano nililiweka kando, maana mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na mbili na watu wananiita mzee Otmar.

Katika ndoto viatu vyangu vinatoka chini ya kochi na kuelekea mlangoni.

"Mnakwenda wapi?" nauliza.

"Kutembea nusu saa. Wewe lala. Kulala nako umeandikiwa."

Mezani bilauri ya maji inakohoa kidogo.

"Mimi ni ya nane leo," inasema. "Wenzangu saba wako humo tumboni mwako na wanalalamika hakuna pa kukaa. Kuna kitu kimejaa."

"Ni ugali wa mchana."

"Ugali haulii," inasema bilauri.

Nikainuka niijibu vizuri, nikajikuta nimesimama ghalani. Ghala hilo nalijua, ni la chama chetu cha msingi cha ushirika, na kwa miaka kumi na tisa nimepokea humo kahawa ya wakulima kwa mizani. Kazi yenyewe ina kanuni moja: usiamini mdomo wa gunia. Watu hujaza kahawa safi juu na kokoto katikati, kwa hiyo kila gunia tunalichoma kwa bambo, kile chuma chenye uwazi ndani, tuone kilichomo. Hata la paroko nalichoma.

Leo mizani inasimamiwa na mto wangu wa kulalia. Umevaa koti langu la kazi.

"Mzigo wako umefika," unasema.

Magunia yamepangwa hadi darini, kila moja na jina. Nesi ana matatu. Kolumba, mke wangu, ana ukuta mzima. Ni majibu yangu yote tangu mdogo wangu Osmund alipojiua mwezi wa tatu. Habari za asubuhi? Nzuri. Umelalaje? Salama. Hata siku ya mazishi mtu aliniuliza habari, nikamjibu nzuri, na kaburi halijafukiwa. Ndivyo tulivyolelewa: kwanza nzuri, mengine baadaye. Kwangu hayo mengine hayakufika.

Gunia moja dogo limewekwa peke yake sakafuni.

"Na hili?"

"Hilo si lako, ulilipokea tu," unasema mto. "Mdogo wako alikuja Alhamisi, ukamuuliza habari, akakuambia nzuri. Daftari linaonyesha hukulichoma."

Kweli sikulichoma. Osmund alisimama pale mlangoni, mimi nina foleni ya watu mbele yangu, nikamwambia haya, karibu tena. Kesho yake wakaja kuniita. Nimeishi na Alhamisi hiyo miezi saba. Siku hizi katika matembezi yangu ya afya nafika darajani na kusimama, nayatazama maji, na kila siku nachelewa zaidi kuondoka. Hilo halimo kwenye gunia lolote.

"Lichome sasa," unasema mto.

Nikachoma. Ikatoka punje moja, ikasema kwa sauti ya Osmund: "Kaka, silali. Naiogopa nyumba yangu mwenyewe." Kisha ikabaki kiganjani, ikisubiri jibu. Nililia, nasema bila haya, nililia mbele ya mto.

"Habari za huku, kaka?"

Ni Osmund, ameketi juu ya magunia ya Kolumba. Amevaa lile shati tulilomzikia.

"Nzuri," nikasema.

Akanitazama bila hasira. Akashuka, akalichukua bambo mkononi mwangu, akanichoma kifuani. Sikuumia, nilisikia baridi tu. Akakinga kiganja, akakinusa kilichotoka kama anavyofanya mkulima yeyote.

"Hii ni ya shamba langu," akasema.

"Osmund, nisamehe."

"Sikuja kwa hilo. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Mimi kimeshaniumbua, na wewe uko kwenye foleni."

Akaanza kubeba magunia. Nje kuna lori, na kwenye usukani vimekaa viatu vyangu. Anabeba ya nesi, ya paroko, ya Kolumba, mawili mawili begani, na alipokuwa hai hata debe lilimshinda. Ghala linabaki jeupe.

"Nibakishie moja," namwomba. "La dharura."

"La dharura ndilo lililoniua," akasema, akalibeba.

Niliamka shingo ikiniuma. Kolumba alikuwa anapita na ungo wa choroko.

"Umeamka, baba Gaudensia? Habari za kulala?"

Alikuwa amekwisha kugeuka kuelekea jikoni, maana jibu linajulikana. Nikafungua mdomo. Neno halikuwepo. Nikatafuta salama, nikatafuta njema, hata sijambo, ulimi ukarudi mtupu kila mara. Nilipapasa kama mtu aliyeacha funguo ndani.

Kolumba akasimama mlangoni mwa jikoni. Kwa miaka ishirini na sita hajawahi kulisubiri jibu hilo.

"Baba Gaudensia?"

"Mbaya," nikasema. Hilo lilikuwepo, tena karibu.

Akaweka ungo chini vibaya, choroko zikamwagika, hakuziokota. Akaja akakaa kwenye kochi, miguuni pangu.

"Mbaya vipi?"

Nikamwambia habari ya daraja.