Makoti ya Kibandani

Kaka yangu Neville haamini mvua. Kila Agosti tunapokwenda ufukweni Mundesley, mashariki mwa Uingereza, mzigo wake ni kaptula mbili, miwani ya jua na gazeti. Ikinyesha atasema, "Tulia, mdogo wangu, tukishakula mchana kutakuwa kweupe."

Kusema kweli hata mimi sibebi mengi. Makoti ya mvua, gambuti, mablanketi na birika hukaa huko huko mwaka mzima, ndani ya kibanda cha mbao alichotuachia mama. Kiangazi chake cha mwisho alikaa mlangoni pake, kiti nusu ndani nusu nje, akisema anga ndilo liamue. Kibanda ni chetu sote wawili. Ufunguo anao Neville, kwa kuwa ni mkubwa.

Basi asubuhi alipokuja kunichukua, nilifungua buti la gari niweke begi langu, nikakosa nafasi. Makoti mapya ya mvua, lebo za bei bado zinaning'inia. Gambuti mpya. Mablanketi. Turubai la kukinga upepo, na vigingi vyake.

"Tunahamia Ncha ya Kaskazini?" nikamuuliza.

"Utabiri unasema mawingu, Hazel."

"Utabiri? Wewe uliyelamba aiskrimu kwenye mvua ya mawe?"

"Mtu hukua, jamani."

"Na upara huo wote, ndiyo kwanza umekua leo?"

Akacheka, lakini kicheko chenyewe hakikufika machoni. Nikaingia garini. Mtu hanunui gambuti mpya ilhali zake zinamsubiri kule. Nikamkumbuka yule mama wa London aliyetuzunguka mwaka jana akitaka tumuuzie kibanda. Nilimkatalia. Neville aliichukua namba yake ya simu, eti kwa adabu tu.

Njiani nikamtega. "Birika la kibandani limeshika kutu. Tupite dukani tununue jingine?"

"Nimebeba chai kwenye themosi."

"Chai ya wiki nzima?"

Matone yakaanza kugonga kioo.

"Umekiuza, Neville?"

"Sijakiuza."

"Niangalie usoni useme."

"Nikikuangalia tutaingia mtaroni!"

"Ufunguo uko wapi?"

Akaingiza mkono mfukoni, akaniwekea kiganjani. Ulikuwa ule ule, na kile kigozi chekundu alichoufungia mama. Ningepaswa kutulia. Nikaukamata mpaka meno yake yakaniuma, maana sauti yake ilikuwa ya mtu anayesema kweli ndogo ili asiulizwe kubwa.

Tulipofika aliegesha gari mbali na ufuko, jambo ambalo hajawahi kufanya. Nikatangulia kushuka ngazi. Vibanda vya majirani vilikuwa vimesimama, rangi zao kama kawaida. Mahali petu palikuwa na nguzo nne zilizovunjika, zimeota majani ya baharini.

"Ni bahari," alisema nyuma yangu. "Dhoruba ya Februari. Nilikuja, sikuokota hata kikombe."

Nusura nimhurumie. Kisha nikatazama tena.

"Mbona vya wenzetu vyote vimesogezwa nyuma, chini ya mwamba?"

Akakifuta kipara kwa mkono.

"Neville."

"Halmashauri walinipigia simu kabla ya Krismasi. Walisema kila mtu avute chake, majira haya hayaaminiki. Mimi nikawaambia..."

"Kutakuwa kweupe."

Alirudi garini akaleta mizigo yote kwa safari moja, akihema, akatundika turubai katikati ya zile nguzo. Kisha akaninyooshea koti moja. Lilikuwa saizi yangu. Nikalivaa, kwa sababu nilikuwa nalowa, si kwa sababu nyingine. Tukakaa. Akanimiminia chai, nikaiacha ipoe.

Upande wa mashariki wingu likapasuka kidogo, mwanga ukamwagika majini. Neville akainua uso, akafungua mdomo.

"Thubutu," nikamwambia.

Akaufunga. Ufunguo ulikuwa bado mkononi mwangu, na sikumrudishia.