Hoja ya Kwanza ya Lamar Tidmore

Katika Klabu ya Warepublican ya Kaunti ya Harkin, kule vilimani Alabama, hapakuwa na hoja iliyokufa Lamar Tidmore akiwa kitini. Mtu akisimama kusema klabu inunue bendera mpya, Lamar huyo: "Naunga mkono." Mwingine akitaka chumvi ipunguzwe kwenye samaki wa karamu ya kiangazi, Lamar tena: "Naunga mkono." Hata hoja za kipuuzi, na zilikuwepo tele, jamani, aliziunga mkono kwanza halafu akazipigia kura ya siyo. Wenzake walimtania kwamba siku ya kiyama malaika akiuliza nani atupwe motoni, Lamar ataunga mkono kabla hajasikia jina.

Alikuwa na sababu yake. Zamani mzee mmoja mgane, Orville Tate, alisimama akaomba klabu iandike jina la marehemu mkewe kwenye benchi la mbele ya mahakama. Sheria ya kikao unaijua: hoja bila wa kuiunga mkono haijadiliwi, inakufa hapo hapo. Hakuna aliyemchukia Orville. Kila mmoja alidhani jirani yake atasema. Kimya kikazidi, mwenyekiti akagonga meza, na mzee akakaa akitazama yai lake la asubuhi linavyopoa. Hakurudi tena. Tangu siku hiyo Lamar akaapa kwamba hatamwacha mtu aaibike namna ile mbele ya macho yake. Ni adabu nzuri, sikatai. Lakini adabu nayo, usipoiangalia, itakuponza.

Jumamosi moja asubuhi wanaklabu walikutana chumba cha nyuma cha mgahawa wa samaki, wakila mikate ya moto na mchuzi mweupe wa soseji. Walisali, wakaweka mkono kifuani mbele ya bendera, kisha mbunge wa jimbo aliyetoka Montgomery, makao makuu ya jimbo, akawaeleza miswada ya uhamiaji: huu utapita, ule umekwama, na kaunti zenyewe zijiongeze, zisingoje bunge. Walipiga makofi ya kiasi. Nusu ya watu mle ndani walikuwa na mabanda ya kuku, na kila mwenye mabanda alijua kuku wake wanakamatwa na kupakiwa malorini na nani, na hao wakamataji wametoka wapi. Jambo hilo halikusemwa mezani.

Ndipo akasimama Dwight Posey, muuza bima, asiye na hata kifaranga. "Mama Mwenyekiti, natoa hoja. Klabu hii imtake Sherifu atie saini mkataba na serikali kuu. Askari wake wakimsimamisha mtu barabarani wamuulize karatasi. Asiye nazo afungwe mpaka gari la uhamiaji lije kumchukua."

Sherifu mwenyewe, mkuu wa polisi wa kaunti, Randall Kirby, alikuwa kando ya birika la kahawa. Uchaguzi ulikuwa umekaribia, na bila klabu ile hashindi. Alisubiri kama wengine.

Kimya. Watu wakakoroga kahawa isiyo na sukari. Hoja ilikuwa inakufa, nakwambia, na wengi walikuwa wanaiombea ife. Lamar alikuwa amezama kwenye mawazo ya feni za mabanda yake. Aliinua uso akaona kimya tu, na masikio ya Dwight yameiva kwa aibu. Akamwona Orville Tate na yai lake. Neno likamponyoka.

"Naunga mkono."

Mwenyekiti, Bi Wynelle Peek, alimtazama juu ya miwani. Walisali kanisa moja, na alimjua Araceli, mkwe wake Lamar. Kaunti nzima ilimjua. Alivushwa mpaka wa nchi akiwa mtoto mgongoni mwa mama yake, bila karatasi, akakulia hapo hapo, akaolewa na Dale Tidmore. Dale akaanguka kutoka juu ya ghala la chakula cha kuku, akafa kabla karatasi za mkewe hazijakamilika. Araceli akabaki na mkwewe na binti yake Josie, akiendesha mabanda vizuri kuliko alivyoyaendesha marehemu.

"Lamar," Bi Wynelle akasema taratibu, "una hakika? Unaweza kuondoa kauli yako."

Alifunguliwa mlango kabisa! Angesema neno moja tu. Lakini macho yote yalikuwa kwake, na mbunge naye anatazama, na Lamar akaona haya. Loo, haya hiyo! "Endelea tu, Wynelle," akasema. "Ni utaratibu."

Hakuna aliyechangia. Wanaoafiki wakasema ndiyo, si kwa nguvu. Wasioafiki wakaitwa, na nani angesema siyo mbele ya sherifu na mbunge? Lamar alikaa kimya pande zote mbili. Sherifu akatia saini mwezi ule ule.

Araceli alizisikia habari dukani, alipokwenda kununua chakula cha kuku. Akamkuta mkwewe jikoni.

"Baba, eti wewe ndiye uliyeunga mkono?"

"Ilikuwa adabu tu, mwanangu. Mtu asiachwe amesimama peke yake."

"Adabu kwa nani, Baba?"

"Usiendeshe gari," Lamar akasema. "Nitawapeleka mimi kila mahali. Hakuna atakayekugusa, Randall amekula pai zako miaka yote."

"Na ile taa ya nyuma ya gari utaitengeneza lini?"

"Kesho."

Kesho zikapita. Asubuhi moja lori lilileta vifaranga, maelfu, na Lamar hakuweza kuondoka bandani. Josie akaachwa na basi la shule, na siku hiyo ana mtihani. Araceli akachukua ufunguo. Alimfikisha mtoto salama. Wakati wa kurudi, askari kijana akaiona ile taa iliyokufa. Alimfahamu vizuri, alimwita dada, akamwomba radhi huku akimfunga pingu. Alisema siku hizi si hiari yake, ni mkataba.

Lamar alikwenda jela ya kaunti. Akamsihi Sherifu, akamshika hata mkono.

"Mzee wangu, unadhani naipenda kazi hii?" Randall alijibu, na uso wake ulionyesha kweli haipendi. "Klabu ndiyo iliyoniagiza. Gari la uhamiaji linakuja Jumatatu. Jumamosi mna kikao. Klabu ikiniambia nimwachie mtu wa nyumbani kwetu, nitamwachia, na lawama nitaibeba. Lakini siwezi kujitoa mhanga peke yangu."

Jumamosi ile Lamar alivaa shati alilomzikia Dale. Mikate ilikuwa ile ile, mchuzi ule ule. Watu walimpa pole mlangoni, wakampiga piga bega, Dwight Posey akamvutia kiti. Mke wa mtu fulani akasema wanamwombea. Lamar hakula.

Ilipofika zamu ya hoja mpya akasimama. Katika miaka yake yote ya klabu hakuwahi kutoa hoja. Karatasi hakuwa nayo.

"Mama Mwenyekiti," akasema. "Natoa hoja klabu imwombe Sherifu amrudishe Araceli Tidmore nyumbani. Mnamjua. Mmekula kwake. Mlimzika mumewe. Sina la zaidi."

Akabaki amesimama.

Bi Wynelle alikuwa na machozi, na mwenyekiti haruhusiwi kuunga mkono. "Hoja imetolewa," akasema. "Kuna anayeunga mkono?"

Lamar aliwatazama mmoja mmoja. Yule alimsaidia kuinua paa baada ya kimbunga. Yule alibeba jeneza. Mwenye mabanda aliogopa kuulizwa ana wakamataji gani, asiye na mabanda aliogopa kuitwa msaliti, na kila mmoja alimwangalia jirani yake. Vijiko vikakoroga. Randall Kirby alikodolea macho sakafu, akingoja kama siku ile. Na mtu hawezi kuunga mkono hoja yake mwenyewe. Majuto ni mjukuu, walisema wazee, na mjukuu wa Lamar alikuwa nyumbani akimngoja mama.

"Kuna anayeunga mkono?" Bi Wynelle aliuliza tena, na safari hii alikuwa anaomba waziwazi.

Hakuna.

Aligonga meza polepole. "Hoja imekufa."

Lamar alikaa. Mbele yake palikuwa na yai, limeshapoa.

Dwight Posey akasafisha koo. "Natoa hoja tufunge kikao."

"Naunga mkono!" wakasema, karibu chumba kizima, kwa pamoja.