Magunia Yaliyofuliwa

Simsim ya dada yangu Adyero ina dawa, na lebo ya organiki inasema haina.

Niliiona asubuhi nikifungua gunia la kwanza hapa Kawempe, kwenye mashine yangu ya kukamua mafuta. Kwenye mshono palikuwa na unga wa waridi. Rangi hiyo naijua. Mbegu za kupanda hupakwa hiyo pamoja na dawa ya wadudu, ili mtu asizile. Nikampigia dada simu Kitgum, anakolima.

"Magunia haya umeyatoa wapi?"

"Duka la mbegu walikuwa wanayatupa. Kwani vipi?"

"Yana dawa."

"Nimeyafua, Okidi. Kwa sabuni, nikayaanika juani. Unanijua mimi. Sufuria zangu unajitazamia uso."

Namjua. Yeye na wanawake wa kikundi chake walipalilia kwa jembe msimu mzima, hawakupulizia kitu. Mkaguzi wa lebo alikuja, akatembea shambani, akaridhika. Habari ya magunia hakuuliza.

Mchana akaja Masinde, Mkenya mwenye duka Bukoto, mnunuzi wetu. Nikamwonyesha mshono.

"Afande, hiyo ni vumbi tu." Ananiita hivyo kwa sababu ya baba yangu, aliyekuwa mwanajeshi. "Lebo ni ya shamba. Shamba ni safi ama si safi?"

"Ni safi."

"Basi bandika. Wateja wangu hawanunui gunia."

"Mtoto wako utampa?"

"Wangu anakula chipsi." Akacheka kidogo, kisha akatazama vidole alivyoshikia gunia, akavifuta kwenye suruali. Hakusema tena nibandike.

Jioni nikamwambia Adyero sikamui.

"Ioshe," akasema.

"Dawa ikishaingia kwenye mafuta ya mbegu haitoki kwa maji, dada."

"Wanawake niwaambie nini?"

"Waambie nimekataa mimi."

"Watasema tulilima bure. Na ni kweli."

Simsim imechomwa pamoja na magunia. Yalikuwa magunia kumi na manne, jasho la wanawake ishirini na wawili msimu mzima. Nafasi yetu dukani kwa Masinde imejazwa mafuta ya mtu mwingine, yenye lebo kama yetu, na sijui magunia yake yalitoka wapi. Na dada yangu mmoja, niliyebaki naye peke yake, hapokei simu zangu.