Punda Anayeitwa Kitinda

Vidonge vilikuwa kwenye kiganja cha Kitinda, kikombe cha maji mkono wa pili, na mama yake alikuwa amefumba mdomo hataki hata kumsikia.

"Kunywa, mama. Kidogo tu."

"Mwambie mwenye nyumba nitalipa mwisho wa mwezi," mama alisema, macho ukutani. "Kila siku unakuja kunisumbua. Huna kazi?"

Kazi anayo. Tangu alfajiri alikuwa anafua mashuka ya nyumba ya wageni, na sasa yalilala kwenye beseni na povu lake, yakingoja maji ya kusuuza. Bomba la mtaa lilikauka tangu manispaa walipochimba mtaro, wakakata bomba, wakaenda zao. Mtaa mzima ulibaki kumtegemea muuza maji na mkokoteni wake wa punda.

Punda huyo alikuwa na desturi yake. Hangoji kuambiwa simama. Anaujua mlango wa kila mteja, na akifika anasimama mwenyewe, hata kama muuza maji amebaki nyuma anapiga soga. Mlango wa kwanza asubuhi ulikuwa huu.

Magurudumu yaliposikika, uso wa mama ulifunguka. Akainuka bila kushikwa, akatoka kizingitini.

"Kitinda wangu huyo."

Hilo ndilo lililomkata maini mwenye jina. Aliitwa Kitinda na mama huyu huyu, kwa kuwa alikuwa kitinda mimba, naye ndiye aliyebaki kumwogesha na kumlisha wakati kaka zake wanatuma salamu. Sasa jina lilikuwa limehamia kwa mnyama mwenye kidonda mgongoni. Wahenga walisema shukrani ya punda ni mateke. Hawakusema shukrani za mama huwa zinaenda kwa nani.

Lakini alimhitaji. Punda akiinamia ndoo, mama naye hukubali kikombe, na vidonge hupita. Bila punda, hata tone halipiti. Na daktari alikwishaonya kwamba figo za mama zimechoka, asipokunywa maji wasitafute mchawi.

Siku hiyo ndoo haikuwahi kuwekwa chini. Muuza maji alitazama nyuma, akaona kofia ya askari wa manispaa kwenye kona, akaanza kumfungua punda haraka haraka.

"Dada, niokoe. Sema ni wa hapa," alinong'ona. "Punda wa nyumbani hawamgusi. Wanamtaka wa biashara asiye na kibali."

Akausukuma mkokoteni uchochoroni, kisha akaenda kukaa kwa kinyozi ng'ambo ya barabara, akajifunika kitambaa shingoni kama mteja.

Askari alifika akitokwa jasho. "Punda wa nani huyu?"

"Wangu," mama alisema. Alikuwa ameegemeza shavu kwenye shingo ya punda. "Nimemzaa mwenyewe, na uchungu wake naujua."

Askari akacheka kidogo, akamgeukia Kitinda. "Bibi nimeshamwelewa. Wewe mwenye akili zako nijibu. Ni wenu?"

Neno moja lingetosha, na Kitinda alikuwa nalo mdomoni. Ila wakati huo mama alichomoa kitana kwenye mkunjo wa kanga. Kilikuwa kitana cheusi chenye meno mapana, kile alichokuwa akimchania utotoni, akiwa amembana kichwa katikati ya magoti. Kitinda alikitafuta nyumba nzima, asikione. Mama akaanza kumchana punda manyoya ya shingoni, taratibu, kuanzia chini kwenda juu ili asimuumize.

"Mwanangu ana nywele ngumu," alimwambia askari. "Wengine wanamliza. Mimi nazijua."

Maneno yale yalikuwa ya Kitinda. Aliambiwa yeye, akalala nayo, akakua nayo.

"Si wetu," alisema.

Ng'ambo, kwa kinyozi, muuza maji alifumba macho. Askari akamfunga punda kamba shingoni, akaondoka naye.

"Wanampeleka wapi?" mama aliuliza.

"Shule, mama."

"Aa. Asichelewe."

Tusifichane, Kitinda alifurahi. Akavuta kigoda, akakaa karibu na mama, akaokota kitana na kuinamisha kichwa. "Nichane na mimi." Mama akajivuta pembeni na kumwambia kwamba akina dada wa siku hizi hawana adabu, wanajilaza kwa watu wasiowajua.

Adhuhuri alimpa maji, akayakataa. Alasiri akayakataa tena. Midomo ilikuwa imeanza kupasuka, na ulimi ukawa mzito.

"Mpaka Kitinda atoke shule," mama alisema. "Tunakunywa pamoja."

Hapo furaha yote ikamtoka. Kitinda alichukua vidonge, dumu dogo la maji alilokopeshwa na jirani, beseni jingine safi na kikombe, akamshika mama mkono, wakaenda polepole hadi yadi ya manispaa.

Punda waliokamatwa walisimama juani nyuma ya uzio wa waya. Chini ya dirisha la ofisi kulikuwa na bomba, likidondoka tone moja moja kwenye mchanga. Askari wa asubuhi alikuwa amekaa langoni.

"Nimemfuata punda wetu."

"Uliniambia si wenu."

"Asubuhi nilikuwa na wivu."

"Na nani?"

"Na huyo punda."

Askari alimtazama akitafuta mzaha usoni mwake, akaukosa. Akashusha sauti. "Dada, mwenye punda aje na faini na kibali."

"Kibali kinatolewa wapi?"

"Ofisi hii hapa."

"Basi kitoeni."

"Vimesimamishwa mpaka amri nyingine."

"Na maji ya bomba mtaani kwetu?"

"Hiyo idara nyingine," askari alisema, akageukia simu yake.

Mama alikuwa ameshafika kwenye uzio. Punda alimjua, akaja akapitisha pua kwenye tundu la waya. Kitinda akajaza beseni na kulisukuma chini ya uzio. Punda akainama. Kitinda akanyoosha kikombe, na mama akanywa chote bila kubembelezwa. Akaongezewa, akanywa tena, na vidonge vikapita.

"Haloo," askari aliita. "Hairuhusiwi kunywesha mnyama aliyekamatwa. Ondokeni hapo."

Mama hakumsikia. Alimfuta Kitinda jasho la paji kwa ncha ya kanga, kama mtu anavyomhurumia mpita njia.

"Umetusaidia sana, mtoto wa watu. Kwenu hawakusubiri?"

"Wananisubiri, mama."

"Nenda basi. Usimtie mama yako wasiwasi. Mimi nipo na mwanangu."

Askari alikuwa anakuja, rungu mkononi. Kitinda aliinua dumu, akatazama maji yaliyobaki, akalijaza tena beseni la punda.