Shamba la Agnesi Mwezini

Mashua ya Radjabu iliondoka Rumonge asubuhi ikiwa na mtungi wa pombe ya ndizi, mashahidi watatu, Agnesi na jembe lake, na shefu wa ofisi ya mashamba, Bwana Karoli, aliyejifunga maboya mawili. Mwezi ulikuwa bado haujatua. Ulikuwa umeegemea maji upande wa Kongo, na nauli ya kufika huko ilikuwa ile ile ya kwenda Baraka, ng'ambo ya ziwa.

Baba yake Agnesi aliacha michikichi kijijini Kizuka alipokimbilia Tanzania. Agnesi aliporudi alimkuta shefu ndiye anayeivuna. Mwenye nguvu mpishe, walisema majirani, nao walikuwa wameshampisha kitambo. Shefu hakukana kitu. Alisema tu kwamba ofisi imemtafutia mama huyu ardhi ya badala, shimo kubwa la mwezini lisilo na mwenyewe.

Shimo lenyewe halikuwa duara. Ukingo mmoja ulikuwa umeporomoka, wa pili umebonyezwa na shimo jirani, na ndani mlijaa mawe na vumbi la rangi ya majivu. Sehemu pekee iliyokuwa tambarare ilikuwa imeshazungushiwa miyenzi, ile miti ya ua, kama mpaka wowote wa huku kwetu.

"Ile iko ya nani?" Agnesi aliuliza.

"Ile iko yangu," shefu alisema. "Lakini mawe yote iko yako, mama. Sikugusa hata moja."

Ikabaki pombe. Kwa desturi, anayeinywa amekubali, na akishakubali hana la kudai tena Kizuka. Agnesi alikuwa amepanda na kushuka kingo zile mpaka koo limekauka, na mwezini hakuna maji. Mashahidi wakampa mrija. Akamkumbuka baba yake.

"Minakataa. Shamba ya baba iko Kizuka."

Wakamsubiri. Mwezi nao ukachelewa kutua kwa ajili ya shughuli ile. Mwishowe shefu akasema mwenye shida husaidiwa, akanywa kwa niaba ya Agnesi. Akanywa tena, kwa niaba ya marehemu baba yake. Mashahidi wakapiga makofi wakimshukuru.

"Murakoze, shefu!"

Agnesi alilia, wala hakujificha. Radjabu alipouliza kama mama naye anarudi, shefu alimjibu kwamba huyu ameshafika kwao. Radjabu akamwachia samaki wakavu wa ndagala na kidumu cha maji, akawasha injini.

Kutoka ukingoni Kizuka ilionekana vizuri. Wavunaji wa shefu walikuwa juu ya michikichi ya baba yake, wakikata mikungu. Agnesi akawapigia kelele waache. Mmoja alimsikia, akainua panga kumwamkia.

"Amahoro, mama!" alisema, akaendelea kukata.