Tumbaku ya Susu Kanyiva

Vepu ya kwanza ilimrukia Kaveke usoni. Aliibana kwa koleo kama alivyozoea kuzibana zote, ikapasuka, na maji mazito yakamchirizika kidevuni. Akajifuta kwa pindo la leso aliyojifunga kiunoni, akatema mate, akaichomoa betri na kuitupa ndooni. Maganda akayatupa nyuma yake. Akachukua nyingine.

Banda la Mulwa lilikuwa la mabati matupu, juu na ubavuni, nje kidogo ya mji wa Wote, kwenye ukingo wa mto usio na maji. Ndani wanawake walikalia madebe, kila mmoja na gunia lake la vepu, zile sigara za betri zenye maji ya nikotini, ambazo vijana wa Nairobi huvuta siku chache kisha huzitupa. Zilikuwa nzuri kutazama, rangi rangi kama peremende, na zilinukia embe, tikiti na nanasi. Kaunti hiyo ya Makueni inasifiwa kwa maembe, lakini mwaka huo mvua ilikataa, na harufu ya embe ikabaki kwa Mulwa peke yake. Mgeni akija kazini asubuhi huisifu harufu hiyo. Mchana hutapika nyuma ya banda, moyo ukimdunda kama aliyefukuzwa na mbwa, na wenzake humwambia ni jua, atazoea.

Kwa kawaida vepu zilifika zikiwa zimekwisha kuvutwa, kavu kavu. Za leo zilikuja na lori zikiwa mpya, hata karatasi zake hazijabanduliwa.

"Hizi zime-expire dukani," Mulwa aliwaeleza, akisimama mlangoni ili viatu vyake visiguse unyevu. "Mtazipasua hivyo hivyo, mimi nataka betri. Lakini hiyo maji msimwage hapa nje, mbuzi za watu zitalamba. Pelekeni kwa mto."

"Kwa mto watu wanachimba maji ya kunywa, Mzee," Kaveke alisema.

"Huo ni mchanga, mama. Mchanga inasafisha. Hata hiyo hamkufundishwa shule?"

Wanawake walicheka, maana tajiri akichekesha ni lazima mtu acheke. Kaveke alicheka pia. Kisha akauliza habari za glavu, na Mulwa akasema zinakuja. Glavu zilikuwa zinakuja tangu banda lilipofunguliwa.

Jioni alibeba ndoo ya maji yale hadi katikati ya mto, akayamwaga mbali kidogo na visima vya mchanga ambako punda walikuwa wakisubiri zamu. Mchanga uliyameza mara moja. Kichwa kilimuuma, vidole vilimwasha, na leso ilikuwa imelowa kuanzia kiunoni hadi magotini. Akaenda nayo nyumbani ikikaukia mwilini, kwa sababu leso aliyokuwa nayo ni hiyo moja.

Nyumbani alimkuta mama mkwe wake, Kanyiva, susu yaani bibi wa binti yake Muthoki, amemlaza mtoto mapajani akimpepea. Kitonga, mume wa Kaveke, alikuwa Mombasa, na simu yake ilikuwa imezoea kuzimwa. Asingekuwapo mama mkwe wa kumlea mtoto, Kaveke asingeweza kwenda kazini, na asipokwenda kazini hawali. Habari yote ya nyumba ile ilikuwa hiyo.

Kanyiva alikuwa mtu wa kanisa. Aliokoka zamani, mwili mzima isipokuwa pua. Alikuwa na kikopo cha tumbaku ya kunusa, ile mbaki ya wazee, na kila mwaka alimwahidi pasta kwamba ataiacha, na kila mwaka pua ikamshinda. Lakini alikuwa na adabu yake. Alinusa nyuma ya nyumba, akanawa mikono kwa majivu, ndipo akamgusa mtoto. Kaveke alikuwa amemcheka mara nyingi kwa kunawa huko.

"Leo amesumbua, ni meno," Kanyiva alisema. "Mchukue kidogo nikakoroge uji."

Kaveke alifungua leso kiunoni, akampandisha mtoto mgongoni na kumfunga kwa leso ile ile. Mtoto anayeota meno hunyonya chochote kilicho karibu. Muthoki alilipata pindo la leso begani mwa mama yake, akalitia mdomoni, na kilio kikakatika. Kaveke aliusikia ule mdomo mdogo ukifyonza, akafurahi, akaketi kuchambua pojo. Alikuwa hajapata utulivu kama ule wiki nzima.

Utulivu haukudumu. Kitu cha moto kilimchuruzika shingoni. Alipomshusha mtoto alimkuta anatapika, mate yakimtoka kama povu la sabuni, uso umepauka, mikono ikirukaruka yenyewe. Kisha Muthoki akalegea kabisa.

"Ngai wakwa!" Kanyiva alimwita Mungu kwa yowe. "Mwana! Ita bodaboda!"

Hospitalini walimchukua mtoto mikononi mwao na kupotea naye nyuma ya pazia. Wakabaki wawili kwenye benchi mpaka daktari kijana aitwaye Mukami alipotoka.

"Amepata nafuu. Mngechelewa kidogo tungekuwa tunaongea mengine," alisema. "Sasa niambieni ukweli. Huko nyumbani kuna mtu anatumia tumbaku?"

Kanyiva alikuwa mtu wa kujibu anachoulizwa.

"Ni mimi, daktari. Lakini mtoto simgusi nayo."

"Wewe humgusi, susu, lakini yeye anaokota. Watoto ni watoto. Hiyo dalili yote niliona ni sumu ya tumbaku, nikotini." Akamgeukia Kaveke. "Na wewe mama, unafanya kazi gani?"

"Kibarua."

"Sawa," daktari alisema, akaitwa kwa mgonjwa mwingine. Kibarua cha nini, hakuuliza. Ni nani huuliza?

Kanyiva alishuka kwenye benchi akaketi sakafuni. Alitoa kikopo chake, akakitazama, akakirudisha. "Nimemuua mwana wa mwanangu," alisema polepole kwa Kikamba, ingawa mtoto alikuwa hai na sauti yake ilikuwa imeanza kusikika ndani.

Kaveke aliingia wodini na kuketi kando ya kitanda, leso magotini. Ilinukia embe. Akaivuta karibu na pua, kisha akalitia mdomoni lile pindo lililokuwa begani. Lilikuwa tamu. Baada ya muda ulimi ukaanza kuwasha, ganzi ikaenea midomoni, na moyo ukaanza mbio zile zile za bandani, zile walizosema ni za jua. Akalitema. Akalifunga fundo pindo lile, akangoja daktari apite.

Asubuhi kabla daktari hajapita, Mulwa aliingia wodini na mkate na maziwa. Alikuwa mzee wa kanisa, na kutembelea wagonjwa ilikuwa zamu yake. Alimwombea mtoto kwa sauti hata wagonjwa wengine wakaitikia amina. Kisha akavuta kiti.

"Nimeongea na wao huko mbele. Bill msijali. Na tumshukuru Mungu imejulikana ni nini. Hii tumbaku ya wazee, pasta amesema mpaka amechoka."

"Mzee, si tumbaku ya Mwaitu, mama mkwe wangu," Kaveke alisema. "Ni hii leso. Ni yale maji ya vepu. Nimeonja."

Mulwa aliitazama leso, akautazama mlango. Hakupandisha sauti.

"Nani alikuambia ubebe mtoto na leso ya kazi?"

"Ndiyo niko nayo. Ulisema glavu zinakuja."

"Zinakuja. Sasa nisikize, mama, mimi ni kama baba yako. Ikiwa ni tumbaku ya mzee, hiyo ni bahati mbaya, mzee anatubu, inaisha. Ikiwa ni leso, hiyo ni wewe. Watu wa children wa serikali watakuja waulize ni mama gani huyu. Unajua watoto huwa wanapelekwa wapi? Na wale wa mazingira watafunga store. Wale wanawake wote waje kula kwako?"

Kaveke alimvuta mtoto karibu.

"Dada zako wanakutegemea," Mulwa alisema, akampangusa mtoto shavu kwa kidole safi. "Pumzika. Ukipona uje kazi."

"Ukipona", alisema, kana kwamba mgonjwa ni yeye. Alipoondoka, daktari Mukami alipita akamsikiliza mtoto kifua, akauliza kama kuna swali. Kaveke alifungua mdomo. Akilini alimwona Muthoki akibebwa na mwanamke mwenye suti, akipakiwa kwenye gari la serikali, akimnyooshea mikono kupitia kioo. Akasema hakuna swali.

Jumapili kanisa lilijaa hadi nje, kwa kuwa habari ilikuwa imetangulia. Pasta Nzomo alimwita Kanyiva mbele. Mzee wa watu alijikongoja hadi madhabahuni amevaa nguo yake ya kitenge ya Krismasi, akapiga magoti, na mbele ya watu aliozeeka nao, aliolima nao, akasema kwa kinywa chake kwamba aliipenda pua yake kuliko damu yake. Akafungua kikopo akamwaga tumbaku sakafuni. Wanawake waliimba. Wengine walilia kwa furaha ya kuona shetani akishindwa.

Kisha pasta akatangaza kwamba bili ya hospitali ililipwa na mzee mmoja wa kanisa ambaye hapendi kutajwa, na akamtaja. Watu wakampigia Mulwa makofi. Yeye akainamisha kichwa.

"Mama mtoto ana neno la shukrani?" pasta aliuliza.

Kipaza sauti kiliwekwa mkononi mwa Kaveke. Kilikuwa kizito kuliko alivyodhani. Alimtazama mama mkwe wake, ambaye bado alikuwa amepiga magoti, akamtazama Mulwa. Dua la kuku halimpati mwewe, na hapa mwewe ndiye aliyekuwa akiongoza maombi. Kaveke alijichukia vibaya sana.

"Namshukuru Mungu mtoto yuko hai," alisema.

"Na Mzee Mulwa," pasta alimkumbusha kwa upole.

"Na Mzee Mulwa."

Hakuna aliyemfukuza Kanyiva. Alijihukumu mwenyewe, tena bila huruma. Tangu siku ya hospitali alikuwa hajamgusa mtoto hata kwa ncha ya kidole. Muthoki alipotambaa kumfuata, yeye alirudi nyuma hadi ukutani. Baada ya ibada alifunga nguo zake kwenye mfuko, akasema anakwenda kwa kaka yake huko Mutomo, akakae na mbuzi, kwa maana mbuzi wa huko ni wagumu, hawafi haraka.

Kaveke alimfuata hadi nyuma ya nyumba, pale alipokuwa akinusia zamani.

"Mwaitu, si wewe," alisema. "Nakuapia. Ni kazi yangu. Ni yale maji tunapasua kwa Mulwa, yalikuwa kwa leso. Mtoto alinyonya leso. Tumbaku yako haikumfikia."

Kanyiva alipapasa pindo la nguo alikozoea kuweka mbaki, hakuikuta.

"Wewe ni mtoto mzuri," alisema. "Kitonga hakukosea kukuoa. Lakini usinifunike kwa uongo, mwanangu. Daktari amesoma. Yeye ndiye alisema."

"Daktari hakujua!"

"Na ungekuwa unajua, si ungesema kanisani?"

Kaveke akamnyanyua mtoto. Kanyiva alikwenda kwenye njia kuu. Muthoki, akiwa mkononi mwa mama yake, alimwona susu yake akiondoka, akaanza kujinyonganyonga na kumnyooshea mikono, akimwita kwa lugha yake isiyo na maneno. Mzee aligeuka. Aliweka mikono yote miwili nyuma ya mgongo, kama mtu aliyefungwa pingu, akamuaga mtoto kwa kichwa tu. Halafu akaenda.

Jumatatu Kaveke alizunguka kwa majirani kabla jua halijapanda. Mmoja alikuwa na watoto wake wanne. Mwingine alisema waziwazi kwamba anaogopa mtoto aliyewekewa sumu. Unga ulikuwa umekwisha. Mwishowe akambeba Muthoki hadi bandani, akasimama nje na kumwita Mulwa, na nusu ya moyo wake ilikuwa ikiomba afukuzwe.

"Mlete tu ndani," Mulwa alisema. "Hapa sisi ni familia."

Lori jingine lilikuwa limefika usiku. Magunia yalikuwa yamepangwa hadi kwenye mabati, yakivuja chini, na joto lilikuwa limekwisha kupanda. Kaveke alitafuta kona kavu asiipate. Akakunjua katoni, akaikung'uta, akamkalisha mtoto juu yake, karibu na debe lake. Wanawake walimsalimu Muthoki kwa jina, wakamwambia amenona. Yeye aligeuza uso. Ile harufu ilikuwa imemwingia puani, akakunja uso, akaanza kulia, kilio kile cha kuvuta pumzi mpaka mdomo ukawa bluu.

Makoleo yalisimama. Mulwa aliyekuwa akipanga ndoo za betri alikunja uso, kisha akakumbuka kutabasamu. Aliinama kwenye gunia lililo karibu, akachagua vepu moja nzuri, ya rangi ya waridi, akaipangusa kwenye suruali yake na kumtilia mtoto mkononi.

"Mpe achezee," alisema. "Atanyamaza."

Muthoki alinyamaza. Aliishika kwa mikono yote miwili, akaitazama, akaiinua kuelekea mdomoni. Kaveke akampokonya. Mtoto akapasua kilio upya, kikali kuliko cha kwanza.

Mulwa alisimama tu, mikono kiunoni, akimtazama Kaveke na ile vepu iliyokuwa mkononi mwake, na wanawake wote, makoleo yakiwa hewani, wakasubiri waone kama atamrudishia mtoto au atambeba atoke.