Kipimo Chini ya Kanga

Krasha, mashine ya kusaga mawe, ilipoanza kuunguruma asubuhi, Brigita alifunika vitu vyake kwa mpangilio: kwanza mtungi wa maji, kisha ndoo ya unga, kisha makopa ya mihogo yaliyoanikwa kichanjani, na mwisho mume wake. Kondo alilala uani kwenye kitanda cha kamba, kwa kuwa ndani ya nyumba alishindwa kupumua kabisa, na nje alishindwa kidogo. Brigita alimtandazia kanga kutoka kichwani hadi miguuni, akaiinua puani apate upenyo. Ndipo naye akaketi, hana cha kujifunika, akingoja vumbi lipite. Halikupita. Lilitua tu, la kijivu, mpaka jioni krasha ilipozimwa.

Kilima kile kilikuwa kinasagwa kuwa kokoto za barabara. Mkandarasi alipokuja aliahidi ajira, na hakusema uongo. Kondo aliajiriwa kulisha mawe mdomoni mwa krasha, pua ameifunga kwa kipande cha fulana kuukuu. Kifua kilipombana akaambiwa apumzike kwanza. Mpaka leo alikuwa anapumzika. Zahanati walimpima kifua kikuu wasikione, wakampa dawa ya kikohozi, na dawa ilipokwisha wakampa pole.

Watu walinung'unika hadi manung'uniko yakafika juu, na huko juu ikatoka amri: hewa ipimwe, ijulikane kama vumbi linawadhuru watu. Likionekana linadhuru, krasha itahamishiwa ng'ambo ya kilima, upande usio na nyumba. Brigita alilishika neno hilo kwa mikono miwili. Hakuwa na dawa nyingine ya kumpa Kondo.

Gari la serikali lilimleta mtaalamu, kijana mpole aitwaye Saad, macho yamechoka kwa safari. Alichagua ua wa Brigita kwa sababu hapakuwa na nyumba iliyokuwa karibu na krasha kuliko ile. Akasimamisha kipimo, sanduku jeupe la miguu mitatu, lina kofia ndogo juu, na pembeni akaweka kisahani cha sola.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Hiki ndicho kitakachosema?"

"Ndicho hiki, mama. Hiki hakiongopi."

"Kinataka nini?"

"Hakitaki kitu. Kitunze tu. Watoto wasikichezee, kuku wasikipande, kisichafuliwe. Kikiharibika hatuna kingine."

Aliitazama saa yake. Vijiji vilivyomngoja vilikuwa vingi, na barabara ya Kipatimu haina huruma na gari. Akaondoka. Brigita naye hakumwita nyuma kumuuliza zaidi. Msomi akishakwambia tunza, umuulize nini tena?

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Brigita alifagia ua, akanyunyiza maji, akawahamishia kuku nyuma ya jiko. Krasha ikaunguruma, na muda si muda kile kichwa cheupe cha kipimo kikawa cha kijivu. Aibu ikamshika. Kwao, mali ya watu haiachwi wazi ikaliwa na vumbi. Hata sahani ya jirani hurudishwa ikiwa imeoshwa na kufunikwa. Alitazama huku na huku. Kanga isiyotoboka ilikuwa moja tu, na ilikuwa juu ya Kondo.

"Mume wangu, naiazima."

"Chukua," Kondo alisema akiwa chini ya nguo. "Huyo ndiye wakili wangu. Mvike."

Tangu siku hiyo kila krasha ilipowaka, kipimo kilivikwa kanga, ikafungwa shingoni kwa fundo zuri, na Kondo akafunikwa kiroba cha mbolea. Kiroba kilikuwa kinamtekenya puani. Alikohoa zaidi, na wote wawili wakaona si kitu. Mvumilivu hula mbivu, na krasha ikihama atapumua kwa raha.

Mtendaji wa kijiji, Nikodemo, alipita na pikipiki yake. Nyumba yake ya bati jipya ndiyo waliyopanga mainjinia wa mkandarasi. Alisimama akaitazama ile kanga kitambo.

"Umekifunika, Mama Flora?" alimuuliza Brigita.

"Vumbi, mheshimiwa. Naona haya kukirudisha kichafu."

Mtendaji aligeuka akaitazama krasha, kisha akamrudia Brigita. Alitabasamu.

"Umefanya vizuri sana. Endelea hivyohivyo."

Siku hiyo nzima Brigita alikuwa na furaha.

Gari la Saad liliposikika likipanda mlima kuja kukichukua kipimo, alifungua kanga haraka na kukipangusa hadi kikang'aa. Mwenye mali hapokewi na mali iliyovaa matambara. Saad alicheka kwa faraja, akasema kwingine kuku waliwahi kukifanya kiota. "Hongera, mama. Wewe ni mfano."

Majibu yalisomwa baada ya masika, kwenye uwanja wa shule. Kondo hakuweza kufika, hata kukaa kitako kulikuwa kumeshamshinda. Brigita aliketi mbele pamoja na wanawake wenzake. Saad alisoma kwa sauti ya chini, na mtendaji akarudia kwa sauti kubwa. Vumbi lipo, ila liko chini ya kiwango. Kwenye nyumba iliyo karibu kabisa na krasha, hewa imeonekana safi kuliko ya mjini. Vikohozi, kwa hiyo, havitokani na krasha. Yaelekea vinatokana na moshi wa kuni. Akina mama wanashauriwa wajenge majiko bora. Na kwa kuwa hakuna madhara, mkandarasi ameruhusiwa kuongeza krasha ya pili, upande huuhuu wa kilima.

Brigita alisikia yote. Aliingoja hasira, haikuja. Moyo ulikuwa umekufa ganzi kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Akainuka.

"Mimi nilikifunika."

"Ulifunika nini, mama?" Saad akauliza.

"Kipimo. Krasha ikiwaka nakivika kanga, kisichafuke. Ulisema kisichafuliwe."

Nyuma mtu alicheka, akanyamaza. Uso wa Saad ulibadilika. Alimtazama mtendaji, na mtendaji akatazama paa la shule.

"Siku zote?"

"Siku zote. Mtendaji alikiona. Kirudishe, mwanangu. Safari hii nitakiacha wazi, hata kikioza."

Saad alimsogelea. "Kimeshapelekwa mkoa mwingine, mama," alisema, kwa sauti ya kumwambia yeye peke yake. "Na ripoti imeshapokelewa."

"Basi waambie hiyo waliyoipokea imekosea."

"Mama Flora," mtendaji akaingilia kwa upole, "unajua kuharibu kazi ya serikali ni kosa? Unajua ni polisi wangapi wangependa kusikia ulichokisema? Kaa. Sisi hatukushtaki. Tena tumekuandalia shukrani."

Mkono wa jirani yake, Antonia, ulimvuta gauni kwa chini. Brigita akakaa. Akaitwa tena, safari hii kupokea. Ilikuwa doti ya kanga mpya kutoka kwa mkandarasi, kwa utunzaji bora wa kifaa cha serikali. Watu wakapiga makofi kwa sababu mtendaji alianza kupiga. Saad hakupiga. Alikuwa anakunja karatasi zake, anazikunja tena.

Kondo alisikia hatua zake zikiingia uani.

"Kimesemaje?"

Njia nzima Brigita alikuwa akitafuta maneno.

"Kimesema hewa ni nzuri."

Kondo alivuta pumzi kwa zamu, moja ikingoja nyingine ipite.

"Kumbe ubovu ni wangu," alisema.

Ng'ambo ya migomba mitambo iliwashwa, krasha ya siku zote, maana mkutano ulikuwa umekwisha na kazi ilikuwa inangoja. Brigita alifunika mtungi wa maji. Alifunika unga. Alifunika makopa. Kisha akakiondoa kiroba juu ya mume wake, akaikunjua kanga mpya, ingali na harufu ya dukani, akamtandazia kutoka kichwani hadi miguuni, na safari hii akasahau kuiinua puani.

Kanga ilipanda kidogo, ikashuka. Vumbi likaanza kutua juu yake.